Maswali ya Wasomaji: Kusomea Uuguzi Ukiwa Mtu Mzima

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nina miaka 38, ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu. Kidato cha nne nilipata D za Baiolojia, Kemia na Historia, na C ya Kiswahili. Fizikia nilipata F. Nikitaka kusomea unesi, umri utanizuia?
Mama Watatu, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Dada yetu, mlango wa chuo umefungwa na Fizikia, si na umri. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inataka ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima yawemo. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri tu. Jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie somo hilo moja. Mtihani ni Novemba, lakini usajili huanza mwanzoni mwa mwaka. Anayekumbuka katikati ya mwaka huwa amechelewa.

Umri unakuja kubana baadaye, kwenye ajira. Matangazo ya kazi za afya serikalini kwa kawaida hutaka mwombaji asiyezidi miaka 45. Piga hesabu: Fizikia mwaka huu, chuo ukiwa na 39, miaka mitatu ya masomo, kisha mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Umeshafika 42 au 43, na ajira za serikali hazitoki kila mwezi. Isitoshe, pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kwa hiyo mwaka mmoja wa "kujipanga kwanza" kwako ni ghali kuliko ada. Zipo pia hospitali za misheni na za binafsi, ambazo hazifungwi na kikomo hicho cha serikali, ila uliza mapema kuhusu mshahara.

Jambo dogo linalosumbua wengi waliokwisha kuolewa: cheti cha shule kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume. Maliza suala hilo kabla ya kuomba chuo, maana dirisha la udahili halisubiri hati ya kiapo.

SWALI: Naweza kuendelea na duka langu huku nasoma?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Duka lenye msaidizi, ndiyo. Duka linalokutegemea wewe, hapana. Darasani ni kutwa nzima, na mafunzo ya vitendo yana zamu za asubuhi, jioni na usiku. Wanaolemewa zaidi ni wenye familia wanaokwepa zamu za usiku wodi ya wazazi. Wajawazito hawachagui saa ya kujifungua, na kitabu chako cha mafunzo ya vitendo kinataka idadi maalumu ya uzazi uliousimamia, kila mmoja umesainiwa na msimamizi. Mwisho wa muhula hakuna wa kukusainia ambacho hukukifanya.

Kabla ya kuingia wodini, choma chanjo ya homa ya ini B: dozi ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukianza wiki ya kuripoti, utakuwa umeshashika sindano za wagonjwa kabla kinga haijakamilika.

SWALI: Nina miaka 41, mwaka wa kwanza. Hesabu za dawa zinanipiga chenga.
Mwanachuo, Manyoni

JIBU: Kaka, kanuni ni moja: kilichoagizwa, gawanya kwa kilichomo, zidisha kwa ujazo. Daktari ameandika gentamisini miligramu 60, chupa ina miligramu 80 katika mililita 2. Gawanya 60 kwa 80, zidisha kwa 2: unavuta mililita 1.5.

Dripu ndiyo inayoangusha watu. Mililita 500 kwa saa 4, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 ni 10,000, gawanya kwa dakika 240, upate matone 42 kwa dakika. Wengi husahau kugeuza saa kuwa dakika. Wengine hawasomi pakiti ya mpira: ule mdogo wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita. Ukiufunga huo na kuhesabu matone 42, dripu ya saa 4 itachukua karibu saa 12.