Mimi ni mwalimu, na bado shule ilinipigia simu kunieleza habari za mwanangu

Saa kumi jioni niko kazini nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, simu ikaita. Namba ya shule anayosoma kijana wangu. Moyo ukaruka kwanza, maana sekondari hawakupigii kukusalimia. Mwalimu wake wa darasa akanijulia hali vizuri tu, halafu akaanza kuongea taratibu kama mtu anayemtoa mwenzie mwiba, kwamba kijana hajakusanya kazi za hisabati wiki 6 mfululizo, na kuna barua 2 alipewa aniletee, je nilizipata? Sikuzipata. Nilipofika nyumbani nikakung'uta begi, zikadondoka zimekunjwakunjwa kule chini kabisa pamoja na kalamu zisizo na vifuniko, na wala hazikua 2, zilikua 4.

Sasa cha kuchekesha, au cha kulia sijui, mimi mwenyewe nafundisha sekondari, nimekua mwalimu wa darasa miaka 9. Mimi ndo yule anayesimama mbele ya kikao anasema "wazazi fuatilieni watoto wenu jamani", na nikirudi stafurumu nawalalamikia wasiotokea. Mganga hajigangi, ndo nilivyokua siku ile. Toka hapo nimebadilika pande zote mbili, kama mzazi na kama mwalimu, na haya nayoandika yametoka huko.

Kwanza tuelewane kwa nini huku juu mambo yanapotea kirahisi. Mtoto akiwa mdogo ana mwalimu mmoja anayekaa nae siku nzima, unamjua kwa sura, mnakutana getini, ukimuuliza "vipi leo" anakwambia mpaka mtoto alivyogombania penseli. Akifika miaka 11, 12 anaanza kua na walimu 8, 9, hata zaidi, kila mmoja na somo lake, na kila mmoja anafundisha madarasa kadhaa kwa hiyo ana wanafunzi mia na kitu. Wa hisabati anadhani wa darasa amekwambia. Wa darasa anadhani wa hisabati amekupigia. Wewe unadhani kimya maana yake mambo yako sawa. Na katikati yenu mmemuweka mjumbe mmoja wa kubeba taarifa, ambae ndo mwenye kesi! Barua ya kumsema unampa mwenyewe aipeleke, kweli inafika hiyo?

Halafu umri wenyewe. Kijana wa miaka 14 anataka chumba chake, marafiki zake, siri zake, na hiyo sio jeuri, ndo kukua kwenyewe. Mzazi anaona mtoto hataki hata aonekane nae shuleni, basi anajiondoa polepole, anasema ameshakua, ajitegemee. Nilifanya hivohivo. Shule ya msingi nilikua sikosi kikao hata kimoja, sekondari nikaanza kutuma udhuru.

Baada ya ile simu nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nikawa polisi. Shule ina aplikesheni inayoonyesha maksi na mahudhurio, nilikua hata sijaifungua, nikaipakua usiku uleule na kuanzia hapo kila siku naingia, nikiona sifuri mahali namwita sebuleni, "hii nini?", kabla hata hajavua viatu. Nikachukua simu yake nikapekua. Nikampigia mama wa rafiki yake kuuliza. Wiki 3 hivi, na nilichopata ni kijana anayejibu kwa neno moja. "Poa." "Sijui." "Kawaida." Nilikua najua maksi zake zote na simjui yeye.

Baadae sana ndo nikakutana na utafiti wa Håkan Stattin na Margaret Kerr wa mwaka 2000, waliufanya Sweden kwa vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Walikua wanaangalia mzazi anayejua mambo ya mwanae, anayajuaje. Watu wengi tunadhani ni kwa kufuatilia na kubana. Wao wakakuta sehemu kubwa ya anachokijua mzazi inatokana na mtoto mwenyewe kusimulia kwa hiari yake, kuuliza na kudhibiti vinachangia kidogo kuliko tunavyodhani. Niliposoma nilicheka peke yangu, maana mimi nilikua nimeuziba mlango huohuo mkubwa, nachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mwenzangu ni huo, linda ule mlango. Aplikesheni usiifute, ila chagua siku. Kwetu ni Jumapili jioni, tunaifungua wote wawili, yeye ndo anashika simu, ananipitisha somo kwa somo, mimi nauliza. Siku zingine siingii. Mwanzoni ilikua inaniwasha vidole kabisa, saa tano usiku unaona simu ileee unajiambia niangalie tu kidogo. Usiangalie. Akisema mwenyewe kabla ya Jumapili kwamba mtihani fulani umemshinda, usimrukie, hata kama ndani unachemka, sema "asante kwa kuniambia, tunafanyaje?" basi. Siku ukimfokea kwa jambo alilokuletea mwenyewe, ndo mwisho wa kuletewa.

Na maswali nayo. "Shule ilikuaje?" ni swali la jibu moja, poa, limeisha. Uliza kitu chenye kichwa na miguu. Yule mwalimu mpya wa fizikia bado anaongea haraka? Mlikaa na nani kwenye kazi ya kikundi? Kuuliza hivi inabidi ukumbuke alichosema wiki iliyopita, kwa hiyo unalazimika kusikiliza kweli. Msiangaliane usoni pia, mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea, vijana wanaongea zaidi wakiwa pembeni yako kuliko mbele yako, sijui kwa nini ila kwangu ni hivo na darasani kwangu ni hivo pia.

Homuweki: hapa nitasema kitu ambacho wazazi wengine watanishangaa. Acha kukaa nae kufanya. Watafiti Nancy Hill na Diana Tyson mwaka 2009 walikusanya tafiti 50 zinazohusu watoto wa umri huu wa kati ya utoto na ujana, wakapima ushiriki wa mzazi wa aina gani unaendana na mtoto kufanya vizuri. Kilichoongoza ni mzazi kuongea na mtoto kuhusu thamani ya elimu, kumuonyesha anachosoma kinaungana vipi na maisha anayoyataka, kupanga nae mbele, kumfundisha mbinu za kujisomea. Kusaidia homuweki ndo kulikua hakueleweki, mara kunasaidia mara kunaharibu. Inaeleweka, maana mtoto akifeli ndo wazazi wengi hukimbilia kusaidia, na pia ukikaa juu ya daftari lake kila usiku anajifunza kwamba lile daftari ni lako. Mi hisabati ya sekondari naijua vizuri tu, ila nimeacha. Nikaanza kumuuliza unataka kua nani, akasema anataka kutengeneza magemu, tukakaa tukaangalia hesabu ziko wapi ndani ya magemu, na ziko kila mahali, mhusika akiruka tu ni hesabu. Wiki 6 za sifuri hazikuisha siku hiyo, ila kwa mara ya kwanza aliniuliza yeye swali.

Kuhusu walimu, usisubiri kikao. Wiki 2 za kwanza za muhula mtafute mwalimu wa darasa kwa meseji fupi kabla hakujaharibika chochote. Mi niliandika hivi: "Habari mwalimu, mimi ni mzazi wa fulani. Hii ndo namba yangu ninayoipata haraka, napatikana zaidi baada ya saa kumi na moja. Mwaka jana hisabati ilimsumbua, ukiona anaanza kukosa kazi 2 naomba unishtue mapema. Asante." Mistari minne. Kama mwalimu nakwambia, mzazi aliyeniandikia hivo namkumbuka, nikiona jina la mtoto wake kwenye wasiokusanya mkono unaenda wenyewe kwenye simu. Na kijana mwambie kwamba umeandika, usimzunguke.

Haya, sasa upande wa pili, walimu wenzangu msinune.

Nilikaa chini nikapekua simu yangu ya kazini, meseji nilizowahi kutuma kwa wazazi muhula mzima. Karibu zote zilikua za matatizo. Mtoto kachelewa, mtoto kapigana, mtoto hana kitabu. Halafu tunashangaa mzazi hapokei simu! Mtu amejifunza kwamba namba yako ni mkosi, ikiita tumbo linamkata, ataipokeaje? Muhula uliofuata nikajiwekea kazi moja, kila mtoto wa darasa langu nyumbani kwake kufike habari moja nzuri kabla ya mbaya. Habari ya kweli, sio kumpamba mtu. "Leo kauliza swali ambalo hata mimi lilinipa kazi." Wanafunzi walikua 43, nilituma 3 kwa siku, baada ya wiki 3 nimemaliza. Baba mmoja alinipigia, akauliza "mwalimu, halafu?" Nikamwambia basi, ni hilo tu. Akanyamaza. Akauliza tena, "una uhakika ni wangu?"

Miezi 2 mbele yule mtoto akaingia kwenye matatizo kweli, nilipopiga baba alipokea mlio wa kwanza.

Grupu la WhatsApp la wazazi, hilo nalo lina mambo yake. Ukiliacha wazi kwa kila mtu, taarifa ya mtihani inakuja saa mbili, mpaka saa tatu imefunikwa na salamu, picha za maua, dua, na mtu mmoja anayeuza vitu. Weka la matangazo ambalo mwalimu peke yake anaandika, meseji moja kwa wiki, siku ileile, tarehe juu na kitu ambacho mzazi anatakiwa kufanya kiwe mstari wa kwanza. Jina la mtoto lisitajwe humo hata siku moja, wala maksi. Nimeona shule ikibandika matokeo ya darasa zima kwenye grupu, mtoto wa mwisho mama yake akajitoa usiku huo na hakurudi tena kwenye kitu chochote cha shule. Na kuna wasio na simu ya intaneti, au kusoma kunawapa shida, hao ni simu ya sauti, dakika 4 zinatosha.

Pia uliza nani hasa anamlea. Fomu zetu zina nafasi ya baba na mama tu, wakati huyu analelewa na bibi, yule yuko na mjomba, mwingine dada yake mkubwa wa miaka 22 ndo kila kitu. Wazazi wakiwa wameachana, kila mmoja apate taarifa yake moja kwa moja, usimfanye mtoto awe posta kati ya nyumba mbili. Na vikao vya saa nne asubuhi katikati ya wiki tujiulize vinamlenga nani, maana anayelipwa kwa siku akija kwako siku hiyo halipwi, halafu tunaandika "mzazi hana ushirikiano".

Kitu kilichobadilisha vikao vyangu kabisa ni kumpa mwanafunzi kiti. Zamani mimi na mzazi tunamjadili wakati yeye yuko nje ukutani anatetemeka. Sasa anaingia, na yeye ndo anaanza, analeta kazi 2, moja anayojivunia na moja iliyomshinda, anaeleza kwa nini na atafanya nini. Mimi naongezea. Mwanzoni nilidhani watadanganya, kumbe wengi wanajisema vibaya kuliko ambavyo ningewasema. Kuna binti aliongea dakika 5 mama yake akaniangalia akasema hajawahi kumsikia akiongea dakika 5.

Kuna mpaka lakini. Sio kila anachoniambia mwanafunzi kinaenda nyumbani, mengine ni yake, nikikimbia kusema kila kitu na mimi nitakua nimeziba mlango. Ninachofanya namwambia mapema kabisa, yanayohusu usalama wako, kujidhuru, kuumizwa, kutishwa, hayo sitayaficha, na nitakaemwambia atakua mtu anayeweza kukulinda, maana kuna nyakati hatari yenyewe iko nyumbani na hapo mtu wa kwanza ni mshauri nasaha wa shule. Mengine kama ni ya kufika nyumbani nampa siku 2 aseme mwenyewe kwanza. Wengi wanasema. Na mzazi anayesikia kutoka kwa mtoto anakuja shuleni akiwa mtu mwingine kabisa, hana ile sura ya kuaibishwa.

Kwangu hatujawa watakatifu. Jumapili zingine tunaruka, zingine tunagombana simu ikiwa mezani. Ila Alhamisi iliyopita niko darasani simu ikatetema mfukoni, nikaiangalia mapumziko. Ilikua picha ya karatasi ya mtihani wa kemia, 41 kwa wino mwekundu, na chini yake kaandika, "nimeona nikutumie kabla mwalimu hajakupigia, usipige tutaongea nikirudi."

Sikupiga.