Sisi Wazaramo urithi wetu Dar uko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni Mzaramo wa Buguruni, bibi yangu anasema wazee wetu walikuwepo hapa kabla hata pajaitwa Dar. Ila kila wakiongelea majengo ya kale utasikia Mjerumani hivi, Sultani vile. Sasa urithi wetu sisi wenyeji uko wapi, na hayo majengo tuyatetee ya nini kama sio yetu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, bibi yuko sahihi kabisa. Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860 alikikuta kijiji cha Mzizima, Washomvi wanavua na kufanya biashara pwani, Wazaramo wanalima kuingia bara, yani halikuwa pori tupu. Leo wengi Mzizima wanaisikia kwenye dabi ya mpira tu, na inaniuma.

Shida nyumba za wazee zilikuwa za miti, udongo na makuti, hazifiki miaka 150, halafu sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863, vya baada ya hapo mpaka waziri atangaze. Hebu piga hesabu, Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la 1866 au 1867, tarehe imelipita kwa miaka michache tu, na Mzizima yenye umri wa kutosha haina hata ukuta wa kulindwa!

Ila Boma usiseme sio lenu. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, huo ni ufundi wa pwani hii hii, Mjerumani kaja 1887 kalikuta limesimama. Mi nataka libaki, na mgeni akiingia aanze kuambiwa habari za Mzizima ndo zifuate za Sultani.

Bibi mrekodi kwenye simu leo leo. Muulize majina ya zamani ya mitaa, Pazi, yani watawala wa Kizaramo wa zamani, walikuwa kina nani, makaburi ya ukoo yako wapi. Nakala peleka Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, wana nyumba ya Kizaramo pale. Na kama hayo makaburi yapo kwenye kiwanja kinachotafutiwa mteja, wahi serikali ya mtaa na wazee wenzako wa ukoo kabla tingatinga halijafika.