Kabla hujakata reli ndogo

Jumamosi nilimwona kijana wetu mmoja hapa Tororo, Uganda, akikata reli yake ya kwanza ya treni ndogo za mezani kwa koleo la fundi umeme. Ncha ikapondeka kama muwa uliotafunwa, fishiplati, kile kibati cha kuungia reli mbili, ikakataa kuingia. Kila mwaka naona jambo hilihili, na linaniuma, maana reli hizi haziuzwi dukani kwetu. Tunangoja mtu atoke nazo Uingereza. Basi sikilizeni, wanangu.

1. Koleo la kukatia reli lina upande bapa. Huo ndio uelekee kipande unachobaki nacho. Usilikatie spoku ya baiskeli, litaingia mapengo.

2. Diski ya grenda ndogo: miwani kwanza, kwa kuwa hupasuka. Gusa, inua, gusa tena. Ukikandamiza, joto huyeyusha mataruma ya plastiki na upana wa milimita 16.5 kati ya reli mbili unapotea.

3. Reli ya kupinda ipinde kwanza, ndipo ukate. Tupa ndogo imalize kazi.

4. Msumeno mwembamba ndio ninaoupenda, na ndio ulioniumiza. Nilikuwa nimejenga kitanzi cha kugeuzia treni, vipande vitano, karibu mita 4.5, viungo vyote nimevilehemu. Mwanya wa kutenga umeme, unaozuia reli ya kitanzi isigusane na ile ya umeme kinyume, niliukata kwa msumeno huo, mwembamba kama unywele. Nikamwalika mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, aje aione stesheni ya Tororo niliyoijenga mezani. Aliinama akatazama, akauliza: "Reli zako zinapumulia wapi?" Nikamwitikia kwa heshima tu, nikidhani ni maneno ya kizee.

Saa nane mchana, chini ya mabati, treni ikasimama. Shoti. Kontrola inayolisha reli umeme ikajizima, nikaiwasha, ikajizima tena. Mzee alingoja saa nzima, akaaga. Wiki mbili kila jioni nikitoka kazini nilipima waya, nikafungua injini, nikavunja gia nzima isiyo na kosa. Usiku kila kitu kilifanya kazi! Hadi Jumapili moja mchana nilipoweka kidole kwenye mwanya, nikaukosa. Reli zilikuwa zimegusana.

Pigeni hesabu. Aloi hii ya shaba, nikeli na zinki hurefuka takriban milimita 0.016 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 20 alfajiri hadi 45 chini ya mabati, mita 4.5 zinataka milimita 1.8. Mwanya wangu haukufika hata nusu milimita. Jioni reli zilipopoa ulifunguka, nami ndipo nilipokuwa nikiutafuta.

Mzee alikuwa amesharudi kwao Soroti. Miaka yote ile alisikiliza magurudumu yakigonga mianya ya reli kubwa, na aliniambia kosa langu kabla halijatokea. Nilimpigia simu nikamwomba radhi.

5. Msumeno huo utumieni, mkato wake ni safi. Ila mwanya wa umeme uzibeni kwa kipande cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi, mkichonge kifuate umbo la reli. Viungo vingine msivilehemu, viacheni viteleze. Na majaribio yafanyeni saa nane mchana, mabati yakilia kwa jua.