Kamera ya kuzunguka inapoteza mwelekeo: jaribu haya kabla ya kununua nyingine

Mkuu mtoa mada, umesema jioni unaiacha kamera ikitazama geti, asubuhi unaikuta imegeukia ukuta wa jirani, na fundi ameshakwambia ni mbovu. Usirudi Kariakoo kwanza. Hizi kamera za kuzunguka nimezifunga kwangu Goba na kwa ndugu zangu Tabata na Kigamboni, na malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia kuliko mengine yote. Mara nyingi kamera yenyewe ni nzima.

Kesho asubuhi ukiikuta imegeuka, usiizungushe kwa mshale. Fungua programu, bonyeza ile sehemu uliyoihifadhi kwa jina la geti, uangalie inaenda wapi. Ikirudi getini sawasawa, basi haijapotea. Umeacha ufuatiliaji umewashwa, paka kapita ukutani, kamera ikamsindikiza na kubaki hukohuko. Zima ufuatiliaji, au weka irudi kwenye sehemu yake ya kudumu baada ya muda kama programu yako inaruhusu. Kazi imeisha.

Ikienda pembeni ya geti, hapo ndipo kuna suala la kalibresheni, yaani kuiweka sawa upya hesabu yake ya mwelekeo. Kamera nyingi za bei zetu hizi hazina kitu cha kupima pembe ndani. Zina mota mbili ndogo zinazokwenda hatua kwa hatua, moja kulia na kushoto, nyingine juu na chini, na kamera inahesabu tu hatua ilizoamuru. Ndiyo maana ukiiwasha inajizungusha mpaka inagota mwisho: inatafuta sifuri yake. Geti ulilohifadhi ni idadi ya hatua kutoka hapo, basi. Dada akifuta vumbi na kukigeuza kichwa kwa mkono, mota imesogea bila amri, hesabu imeshaharibika na kamera haina habari.

Lakini wewe unasema inatokea usiku, na mimi nashuku waya. Mafundi wetu wanapenda kuacha adapta sebuleni halafu wanavuta waya mwembamba mpaka kwenye kona ya nyumba. Adapta ya volti 5 haina volti za kupoteza njiani. Mchana itavumilia. Giza likiingia taa za infraredi, zile za kuonea gizani, zinawaka, zinakula umeme, mota ikitaka kugeuka inakuta nguvu haitoshi na inaruka hatua. Sogeza adapta karibu na kamera, urefu wa waya uwe upande wa umeme wa ukutani, na soketi ya nje iwe ndani ya boksi lisiloingiza mvua. Angalia pia waya usikaze kichwa kikigeuka. Uachie ulegevu kidogo.

Kalibresheni yenyewe inakuja baada ya hayo, na ni kazi ndogo mno: unabonyeza kitufe kwenye mipangilio, unaiacha izunguke mpaka itulie, huigusi. Kama imefungwa kichwa chini darini, geuza picha kwanza, la sivyo mishale itakuchanganya. Halafu futa sehemu zote ulizohifadhi zamani, uhifadhi upya. Watu wengi wanaruka hapa, wanabaki na namba za zamani wakidhani kalibresheni haikufanya kazi.

Kingine, nyingi hazizunguki duara zima. Kuna mahali zinagota. Pafanye paelekee ukutani, maana pakiwa upande wa geti mtu akivuka pale kamera italazimika kuzunguka kote nyuma ili imfikie, na atakuwa ameshapotea.

Kupima, chagua alama: mimi hutumia ukingo wa nguzo ya geti uguse ukingo wa picha. Ipeleke mwisho kulia, mwisho kushoto, irudishe, rudia, na ufanye hivyo usiku pia taa zikiwa zimewaka. Kisha zima swichi ukutani, washa tena, maana umeme wetu utakufanyia hivyo tu hata usipotaka. Kuna zinazowaka na kutazama katikati badala ya getini, hizo zinataka ziwekewe sehemu ya kuanzia.

Ukiona umeme uko vizuri, hakuna aliyeigusa, na bado inateleza huku ikikwaruza ndani, gia za plastiki zimelika, na fundi wako atakuwa amesema kweli. Tuandikie adapta imeandikwa volti na ampea ngapi, na waya una mita ngapi.