Kiongozi Ajipimeje? Maswali Yenu na Majibu Yetu

Nasimamia watu tisa. Kila mwisho wa mwaka mkuu wangu husema "uko vizuri, endelea hivyohivyo." Nitajuaje kama ni kweli?

Kwa sentensi hiyo hutajua. Kazi ya kiongozi huonekana kwenye meza za wengine kuliko kwenye meza yake, kwa hiyo anzia huko.

Kwanza, chukua kalenda yako ya wiki 4 zilizopita. Gawa saa zako katika mafungu manne: kazi ambayo aliye chini yako angeiweza, kufuatilia kazi za watu, kufundisha, na kupanga ya mbele. Hesabu kwa kalamu, usikadirie kichwani, maana kichwani kila mmoja wetu ni mpangaji hodari. Kwa maoni yetu, fungu la kwanza likizidi theluthi moja ya muda wako, bado unafanya kazi uliyopaswa kuiacha ulipopanda cheo.

Pili, kwa wiki mbili andika kila asubuhi mambo yanayosubiri saini au kauli yako, na siku ambazo kila moja limekaa. Jambo lililolala kwako siku nne halina mkosaji mwingine.

Tatu, na hiki ndicho kipimo tunachokithamini kuliko vyote, fungua daftari la maamuzi. Kwa kila uamuzi mzito weka mistari minne: tarehe, ulichoamua, kwa nini, na unachotarajia kitokee na lini. Uandike siku hiyohiyo. Ukingoja matokeo, utajikuta "ulijua tangu mwanzo." Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya uongozi, alishauri kulinganisha matarajio na matokeo baada ya miezi 9 hadi 12, ingawa kwa maamuzi madogo miezi 3 yatosha. Usitafute idadi ya mara ulizopatia. Tafuta upande unaokosea kila mara: je, ni muda, gharama, au kuwaamini watu kupita kiasi?

Nikiwauliza walio chini yangu wananionaje, wote hujibu "hakuna tatizo, bosi."

Swali la jumla huleta jibu la heshima. Uliza jambo dogo linaloshikika: "Katika kikao cha jana, ni wapi nilimkatiza mtu?" au "Nikiacha kufanya nini, kazi yako itakwenda haraka zaidi?" Uliza mtu mmoja mmoja, mpe swali siku moja kabla, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kama ni lazima. Akishasema, una ruhusa ya mambo mawili tu: kushukuru na kuomba mfano. Ukianza "unajua, siku ile nilikuwa na...", hutaambiwa tena, na kabla ya chakula cha mchana wenzake watakuwa wameshajua. Ndani ya siku 7 badilisha kitu kimoja kati ya walivyosema, na uwaambie kimetokana na wao.

Wala ukimya usikufariji. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani, akakuta wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Mwezi ukipita bila kuletewa habari mbaya hata moja, shituka.

Nijitathmini mara ngapi?

Dakika 15 kila mwisho wa wiki, na nusu siku kila robo mwaka. Mara moja kwa mwaka haitoshi. Mambo ya mwezi wa pili utakuwa umeyasahau.

Ofisi inataka nipimwe na pande zote. Nichague nani?

Mkuu wako, wenzako wa cheo kimoja 3 hadi 5, na wote walio chini yako ikiwa si wengi. Kundi lenye watu chini ya 3 liunganishwe na jingine, la sivyo kila jibu litajulikana ni la nani. Weka angalau wawili mnaosuguana. Kila swali liguse tendo linaloonekana: "Ananijibu ndani ya muda alioahidi" linapimika, "ni mwadilifu" halipimiki.

Jipime mwenyewe kwanza kwa maswali yaleyale. Majibu yakija, tazama pengo: kwa alama za 1 hadi 5, wapi ulijipa 5 wao wakakupa 3? Halafu usiishie kwenye wastani. Wote wakikupa 3 ni jambo moja. Nusu wakikupa 5 na nusu 1, huenda una vipenzi.

Usijibu siku hiyohiyo, na usisake nani kaandika nini. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba mrejesho, yaani kumwambia mtu alivyofanya kazi, kwa wastani huinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo uliushusha. Hatari huongezeka pale mtu anapoacha kuitazama kazi akaanza kujitazama nafsi. Kwa hiyo "mimi ni mbabe" igeuze iwe "nakatiza watu kikaoni." Hilo la pili lina dawa.

Nimeambiwa nina kasoro sita. Nianze na ipi?

Iliyotajwa na zaidi ya kundi moja na inayotokea mara nyingi kwa wiki, ili upate mazoezi ya kutosha. Nyingine ziache kwa sasa, hata kama zinauma. Iandike kwa umbo hili: "Mtu akiniletea tatizo, nitamuuliza kwanza yeye angefanyaje." Weka alama kila unapokumbuka na kila unaposahau. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba tendo jipya lilichukua kama siku 66 kuwa mazoea, wengine pungufu sana, wengine zaidi sana. Jipe robo mwaka.

Jihadhari na kuruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Aliyekuwa akifuatilia kila saa huamua "kuwaachia watu", kazi zikaharibika, naye akarudi kulekule kwa hasira. Punguza hadi mara mbili kwa wiki, kwa siku mlizokubaliana.

Nimebadilika miezi miwili sasa, mbona hakuna anayeona?

Hukuwaambia watazame nini. Tangaza: "Najitahidi kutokatiza watu, nikisahau, inua mkono." Kila baada ya wiki 4 waulize watu watatu walewale. Ukiteleza, kiri hapohapo kikaoni.

Malengo yote yametimia, lakini watu watatu wameondoka. Nimefaulu?

Hesabu haijafungwa. Kila kipimo cha mavuno kiwekee mwenzake wa gharama: mauzo na malalamiko, kasi na kazi zilizorudiwa, uzalishaji na saa za ziada. Na hao watatu, watafute baada ya miezi michache uwaulize kwa nini waliondoka. Siku ya kuaga mtu bado anahitaji barua yako ya sifa.