Mkaguzi wa Ndani na Sahihi ya Kijani

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Muheza, aliyeajiriwa hivi karibuni kuwa mkaguzi wa ndani wa kampuni moja hapa Tanga, akiniarifu kwa fahari kwamba meneja wake amemtaka apitishe kila vocha ya malipo kabla ya fedha kutoka. Nilipousoma ujumbe ule nilijiona mwenyewe miaka tisa iliyopita, nikiwa na kalamu yangu ya kijani na kiburi kisicho na kiasi.

Nilikuwa mkaguzi wa ndani wa kampuni ya mkonge ambayo sitaitaja. Hakuna malipo yaliyotoka bila sahihi yangu, na wahasibu walinisubiri mlangoni kana kwamba fedha ni zangu. Kila Ijumaa vocha za dizeli ya matrekta na ya jenereta ya korona (mtambo wa kuchakata mkonge) zilinifikia zikiwa zimekamilika, yaani oda, hati ya kupokelea mali na ankara, kila karatasi ikiafikiana na nyingine, nami nikatia sahihi. Muda wote huo sikwenda hata mara moja kulitazama tangi lenyewe shambani, kwa sababu kazi ya kupitisha vocha ilinimaliza.

Siku nilipokwenda, baada ya dereva mmoja kuninong'oneza, nilitumbukiza ufito nilioukata njiani, na tangi ambalo kwa mujibu wa leja lilipaswa kuzidi nusu lilikuwa na dizeli ya kina cha kiganja. Niliandika ripoti kali, tena kwa furaha, nakiri. Mwenyekiti wa bodi aliisoma hadi mwisho, akafungua jalada la vocha, akaniuliza kwa upole, “Na hizi sahihi za kijani ni za nani?” Mtunza stoo alifukuzwa. Mimi nilihamishiwa kwenye mizani, nikapima robota za mkonge kwa miezi saba, na wale wahasibu wa mlangoni hawakunisalimu tena. Bado inaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, elewa kwamba kazi yako ni kupima kama udhibiti uliowekwa na menejimenti unafanya kazi, si kugeuka kuwa sehemu ya udhibiti huo. Mhasibu athibitishe, meneja aidhinishe, nawe uje baadaye, uchague vocha chache na kuzifuata hadi kwenye tangi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vinahesabu kwamba kutoegemea upande kwa mkaguzi kumetiwa doa anapokagua shughuli aliyoiwajibikia ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Usimtegemee mkaguzi wa nje pia, kwani yeye hutoa maoni juu ya hesabu za mwaka na hakuajiriwa kukulindia dizeli. Vijana wa fani yetu tunapenda mno kuogopwa, na sahihi hutupa hofu hiyo kwa bei rahisi.

Mwandikie meneja barua ya heshima ya kukataa, na nakala uipeleke kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, ambayo ndiyo unayopaswa kuiripotia. Kisha nenda shambani na ufito wako mwenyewe, kwa maana kijiti cha kupimia cha stoo yetu tulikuja kukikuta kimekatwa ncha ya chini.