Kwa matabibu mnaopangiwa Newala: muulizeni aliyekuwepo

Wadogo zangu, wengi wenu mnakuja huku mkiyaogopa magonjwa ya ubongo. Chuoni mlikariri neva 12 za kichwa na mkachora njia za uti wa mgongo. Mkifika kwenye zahanati isiyo na mashine ya kupiga picha ya kichwa, mnaona kama mmenyang'anywa mikono. Nami nilifika hivyo hivyo. Miaka niliyokaa huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, imenifundisha kwamba habari ya ugonjwa, ikisimuliwa vizuri, hukufikisha karibu sana na mahali palipoharibika. Na anayeijua habari hiyo mara nyingi ni yule aliyekuwa na mgonjwa, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa amezimia.

Jamaa watajaa chumbani. Usiwatoe wote. Tafuta aliyekuwepo tatizo lilipoanza, mpe kiti, mwache aeleze. Lilianza ghafla au taratibu? Upande mmoja au miguu yote miwili? Lilikuja likapita, au limekaa?

Lililoanza ghafla, upande mmoja, uso umevutwa na maneno hayatoki, lichukulie kuwa kiharusi na umwandikie rufaa ya haraka. Nyuzi nyingi za neva zinazoendesha misuli hupishana kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mkono wa kulia ukilegea hitilafu iko kwenye ubongo wa kushoto. Kwa watu wengi lugha nayo iko huko, ndiyo maana mzee aliyepooza kulia hukutazama tu akitafuta neno. Usikimbilie aspirini. Mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka huwezi kuwatenganishia ndugu kwa macho, ni picha ya kichwa inayotenganisha.

Lakini kabla ya kushika kalamu ya rufaa, pima sukari. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na hauna akiba ya maana. Sukari ikishuka mtu anaweza kupooza upande mmoja ukaapa ni kiharusi. Nimemwona bibi mwenye kisukari aliyemeza vidonge vyake asubuhi bila kula. Tulipomwekea glukozi ya mshipani alifumbua macho akauliza nani yuko na mbuzi wake. Hali kadhalika mtoto mwenye malaria kali na degedege: tone la damu kwenye kipima sukari linaweza kumwokoa wakati sindano ya atesuneti, dawa ya malaria, inaandaliwa.

Kifafa kinahitaji subira zaidi. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana, na kundi kubwa likilipuka kwa pamoja, mwili unatetemeka. Wengi niliowauguza hawakuumizwa na mtetemeko wenyewe, waliumizwa na mafiga. Mtu ameangukia motoni, na watu wamesimama kando kwa sababu wanaamini povu lake linaambukiza. Kwa hiyo akianguka mbele ya watu kituoni, msogelee, mlaze ubavu, ondoa vinavyoweza kumuumiza, mfute povu wote wakiona, kisha ukanawe mikono. Kitendo hicho kimefundisha zaidi ya mihadhara yangu yote. Kijiko kisiingie mdomoni. Tazama saa: zikipita dakika 5 bila kutulia, hiyo ni dharura, inataka dawa ya kukata degedege na usafiri.

Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege mfululizo, na hapo mtu hufa. Msimu wa korosho familia nyingi huhamia mashambani, na vidonge huishia huko huko. Uliza mapema wanaondoka lini, uwape vya kutosha. Wakikuambia wanapitia kwa mganga, usigombane nao. Waombe waende na vidonge mfukoni. Na mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani, muulize kuhusu vyoo na nguruwe wa jirani, hata kama ni Mwislamu safi. Mayai ya tegu, ambayo lava wake huingia ubongoni, hutoka kwenye kinyesi cha binadamu aliyebeba mnyoo huyo, hayangoji mtu ale nyama.

Sasa niwaeleze lililonigharimu. Mama mmoja alileta binti wa miaka kama kumi. "Amelala mzima, asubuhi kasimama miguu inatetemeka, kaanguka." Miguu yote miwili, siku moja, bila homa. Nikaona kupooza kwa mtoto, nikaanza kujaza fomu ya polio. Muuguzi wetu mzee hakunibishia. Alimgeukia mama akamuuliza, "Mwezi huu mmekula nini?"

Ugali wa muhogo, mchana na usiku. Mvua ilikuwa haba, dagaa hawakununulika, na makopa, vile vipande vya muhogo wa kukausha, yalikuwa hayajakauka vizuri walipoanza kusaga.

Nikarudi kwa mtoto na kinyundo cha mpira, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Goti liliruka kwa nguvu. Mruko huo wa goti hukamilika kwenye uti wa mgongo, na ubongo kutoka juu ndio unaoushikia breki. Njia hiyo ya kutoka juu ikiharibika, mguu unakakamaa, unaruka, mtoto anatembea kwa vidole magoti yakigusana. Polio huua seli za uti wa mgongo zenyewe zinazoendesha misuli, kwa hiyo mguu hulegea kama kitambaa na goti haliruki, na mara nyingi mguu mmoja huzidi mwingine. Binti huyu alihisi kila nilipomgusa, na haja zake alizimudu. Ingekuwa kifua kikuu cha mgongo ningetegemea ganzi, shida ya mkojo, pengine na kibyongo.

Ilikuwa konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa hapa Mtwara na kule Ruvuma. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Mwili huiondoa kwa kutumia salfa ya protini, hivyo anayekula muhogo mtupu wiki baada ya wiki hana cha kujikingia. Watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na akina mama wa umri wa kuzaa ndio hupatwa zaidi. Ukishaingia hauondoki, ingawa kwa kawaida hauzidi pale ulipofika, isipokuwa sumu ikiendelea kuliwa.

Nilimwambia mama aloweke muhogo siku tatu. Akanitazama. "Maji ya kunywa natafuta, ya kulowekea nitoe wapi, daktari?" Mnaokuja huku juu mtaujua ukweli wa swali hilo kabla ya wiki kuisha. Fundisheni njia isiyotaka maji mengi: unga uwekwe bakulini, wekeni alama pale unapofikia, mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa, na ugali upikwe siku hiyo hiyo. Maharage yasikose panapowezekana.

Miguu ya binti haikurudi. Anatembea kwa fimbo, anasoma. Mwaka uliofuata nilipopita kwao, mama alinitolea bakuli lake la plastiki. Ndani alikuwa amechonga mstari kwa kisu, na mdogo wake yule binti ndiye aliyekuwa akimimina maji.